X ni Kitu: Aljebra Mezani kwa Mama

Katika kila kundi la wapenzi wa vitabu nililowahi kukaa nalo, kuna sentensi moja ambayo lazima mtu aitamke kabla chai haijaisha: "Mimi hesabu siziwezi kabisa." Wengine hucheka, na mwingine hudakia, "Hata mimi!" Inatamkwa kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaja kwao. Sijawahi kumsikia mtu wa hesabu akisema kwa kicheko kama hicho kwamba kusoma hakumwingii.

Makala hii inahusu miezi tisa niliyojifunza aljebra nyumbani, bila mwalimu, nikiwa na miaka 29, ili nipate kuingia chuo kikuu. Siandiki kwa sababu nimekuwa bingwa wa namba, sijawa. Naandika kwa sababu kilichonivusha ni kile kile kinachotukutanisha hapa: kusoma taratibu, kulishika neno moja na kuligeuza mpaka litoe maana. Nimefika mahali pa kuamini kwamba wengi tunaosema hesabu hatuziwezi hatukukwama kwenye hesabu. Tulikwama kwenye lugha.

Nieleze kwanza nilitoka wapi. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri za Kiswahili, Historia na Kiingereza, na F ya hesabu. Kwa wasiosoma Tanzania, hiyo F si kioja. Hesabu ni somo ambalo watahiniwa wengi huanguka mwaka hadi mwaka. Shuleni kwetu kidato cha pili na cha tatu vilipita bila mwalimu wa somo hilo. Aliyekuwepo alihama, na kipindi cha hesabu kikawa kipindi cha kuokota kuni za jiko la shule. F hiyo haikunizuia kuendelea. Nilisoma HKL kidato cha tano na sita, nikafaulu, nikarudi nyumbani Morogoro, nikapata kazi kwenye duka la stesheneri: kutoa kopi, kuchapa barua, kulaminisha vyeti vya watu.

Vyeti vya watu ndivyo vilivyokuwa vinanichoma. Kila msimu wa maombi ya vyuo vijana walikuja dukani niwajazie fomu mtandaoni, wakaondoka, mwaka uliofuata wakaja wadogo zao. Mimi nilitaka kusoma usimamizi wa biashara. Miaka yangu dukani ilinionyesha jinsi biashara ndogo zinavyokufa, moja baada ya nyingine, kwenye ule mstari wetu wa fremu, na nilitaka kujua kwa nini. Kozi niliyoitaka ilidai walau D ya hesabu ya kidato cha nne. D tu, herufi moja juu ya niliyokuwa nayo.

Baraza la Mitihani linamruhusu mtu kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani ni Novemba. Nilipoamua ilikuwa Februari. Nikanunua kaunta buku tatu na kitabu cha kidato cha kwanza, nikaanza.

Saa zangu zilikuwa saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, kabla ya kwenda dukani. Mama huuza vitumbua, kwa hiyo saa hizo yeye yupo macho tayari. Meza ni moja. Upande mmoja bakuli la mchele uliosagwa na nazi, upande wa pili daftari langu. Kurasa za mwanzo za kaunta buku ile ya kwanza zina alama za mafuta mpaka leo.

Kilichonisimamisha siku za mwanzo hakikuwa namba. Lilikuwa neno la herufi tatu: "let". Kitabu kilisema, kwa Kiingereza, "let x be" idadi ya machungwa. Kiingereza nakijua, nimesoma riwaya nene kwa lugha hiyo. Lakini pale sentensi iligoma. Kamusi inasema neno hilo ni kuacha, kuruhusu, hata kupangisha nyumba. Niruhusu x iwe machungwa? Niiache? Nani ananiomba ruhusa?

Aliyesoma shule zetu za msingi anajua kwamba tulipewa hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba, na tukaielewa. Tulikuwa na MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na hata leo ukimwamsha mtu usiku wa manane atakutajia. Tulikuwa na KDS na KKS. Sehemu ilikuwa na kiasi juu na asili chini. Halafu likizo moja ikapita, ukaingia kidato cha kwanza, na maneno yote hayo yakaachwa mlangoni kama ndala. Mtoto wa miaka kumi na minne anaanza kujifunza kitu kigeni kwa lugha ngeni kwa wakati mmoja, kisha akishindwa anaambiwa hana kichwa cha hesabu.

Asubuhi ile nilifanya nilichozoea kufanya na shairi gumu. Nilijiuliza: hiki kitu mtu wa kwetu angekisemaje? Nikiwa nimeduwaa, nikamsikia mama akijisemea huku anapima mchele, "Tuseme leo nikiuza mia na ishirini..."

Tuseme. Basi, lilikuwa hilo tu. "Tuseme x ni idadi ya machungwa." Neno tunaloanzia porojo, mapatano ya bei, hata ugomvi: tuseme umekuja, umenikuta sipo. Ni neno la kumwomba msikilizaji akubali jambo kwa muda ili tuone linatupeleka wapi. Msomaji wa riwaya halina ugeni kwake. Kila hadithi ni "tuseme" ndefu. Aljebra nayo huanza hivyo hivyo. Unakubali kukiita kitu usichokijua kwa jina, unakitendea kana kwamba unakijua, na mwishoni chenyewe kinajitaja.

Nikamuuliza mama hesabu zake. Akaniambia bila kuinua macho: "Vitumbua tisini vya kwanza si vyangu. Ni vya mchele, nazi, mafuta na mkaa. Cha tisini na moja ndiyo naanza kula mimi." Gharama zake za siku zilikuwa 18,000, na kitumbua ni 200. Nikaandika: 200x = 18,000, kwa hiyo x = 90. Alikuwa sahihi, na hakuwahi kuandika mlinganyo hata mmoja maishani.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba mama alikuwa anajua aljebra siku zote. Si kweli kabisa, na yeye mwenyewe asingekubali. Wiki chache baadaye mchele ulipanda, gharama zikawa 21,000, na kwa siku tatu alifanya biashara bila kujua mpaka wake uko wapi. Tisini aliijua kwa mazoea. Mpya ilibidi aisubiri. Mlinganyo haukuhitaji kusubiri: 200x = 21,000, vitumbua 105. Tukajaribu na bei ya 250 pia, ikatoka 84. Mama alijua jibu moja vizuri mno. Aljebra ni njia ya kuyajua majibu yote ya aina hiyo kwa mkupuo. Siku hiyo mama alikiangalia kitabu changu kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe hii inaongea mambo ya watu." Hakupandisha bei, lakini alipunguza mafuta.

Kuanzia hapo nikawa natafsiri kila ukurasa. Upande wa kushoto wa daftari Kiingereza cha kitabu, upande wa kulia Kiswahili changu. "Simplify" ikawa rahisisha, halafu nikaifuta nikaandika "sema kwa ufupi", maana ndicho kinachotakiwa: jambo lile lile, maneno machache. "Factorize" ilinichukua siku mbili, mpaka nilipoandika "toa kilicho cha wote uweke nje ya mabano", kama ndugu wanaochanga nauli ya pamoja kisha kila mtu akabaki na ya kwake. Na alama ya sawa niliipa jina ambalo wasomaji wa ushairi watalipenda: mizani.

Kwetu mizani ni kitu kinachopima sukari dukani, na ni hizo silabi tunazohesabu kwenye mshororo: nane za ukwapi, nane za utao. Ukiongeza silabi upande mmoja, sikio linakushtaki. Mlinganyo ni hivyo. Chochote unachofanya upande huu, fanya na upande ule, la sivyo mizani imelala. Ile mistari miwili midogo tunayoiandika kama alama ya sawa iliingizwa vitabuni na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alichagua mistari sambamba kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Nilipoisoma habari hiyo nilishangaa: kumbe watu walifanya aljebra kwa mamia ya miaka bila alama hiyo. Walifanyaje?

Walifanya kwa maneno. Hapo ndipo nilipokutana na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820 kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Kitabu chake hakina x, hakina alama ya kujumlisha, hakina ya sawa. Ni nathari mwanzo mpaka mwisho. Na maneno yake, ukiwa Mswahili, yanakupigia hodi. Kitabu kinahusu hatua mbili: al-jabr na al-muqabala. Ya pili umeshaitambua. Ni mkabala wetu, vitu viwili kutazamana. Ya kwanza ni kurejesha kilichopungua, kuunga kilichovunjika. Kwa Kihispania mwunga mifupa aliitwa "algebrista", na ndiye anayemtibu mmoja wa wahusika wa Cervantes katika sehemu ya pili ya Don Quixote, baada ya huyo kuangushwa kutoka juu ya farasi.

Chukua mfano: vitu vitano vilivyopungukiwa 12 ni sawa na viwili na 9 juu yake. Kwanza tibu palipovunjika. Upande wa kushoto umepungukiwa 12, urudishie, na upande wa kulia nao upe 12 ili mizani isilale. Sasa vitu vitano ni sawa na viwili na 21. Halafu kabilisha: viwili huku, viwili kule, vinatazamana, viondoe. Vimebaki vitu vitatu ambavyo ni 21, basi kila kimoja ni 7. Kitabuni kwangu hiyo ni 5x − 12 = 2x + 9, na nilishaikwepa mara mbili. Kwa maneno niliimaliza nikiwa nasubiri daladala.

Nimesema "kitu" kwa makusudi. Waandishi wa aljebra wa Kiarabu waliita kisichojulikana "shay", yaani kitu. Herufi x na wenzake y na z zilishika kazi hiyo baadaye sana, hasa baada ya kitabu cha René Descartes cha mwaka 1637. Na x mraba, ile iliyonitisha kuliko zote, al-Khwarizmi aliiita "mal". Mali! Thamani zake alizihesabu kwa dirhamu. Nilikuwa naogopa neno ambalo bibi yangu alilitumia kila siku alipozungumzia mbuzi wake.

Milinganyo ya kipeo cha pili niliielewa kwa mkasi. Kuna swali lake maarufu, ambalo kwa alama za leo ni x² + 10x = 39. Nilichukua karatasi ya manila dukani, nikakata mraba. Ubavu wake siujui, ndiyo x. Ile 10x nikaigawa mara mbili, nikapata vipande viwili virefu, kila kimoja na urefu x na upana 5. Kimoja nikakibandika juu ya mraba, kingine pembeni. Eneo la vyote vitatu ni 39. Sasa tazama: umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja iko wazi, na kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Izibe. Eneo lote linakuwa 39 na 25, ambayo ni 64. Mraba wenye eneo la 64 una ubavu wa 8. Toa zile 5 ulizobandika, inabaki 3. Kitabu kiliiita kukamilisha mraba, na miaka yote nilidhani ni jina tu. Kumbe ni maelekezo: chukua mraba usiokamilika, ukamilishe. Nilibandika manila ile ukutani juu ya ndoo za maji. Bado ipo.

Vitabu vya leo vinadai na jibu la pili, hasi 13. Al-Khwarizmi hakulitaka, ubavu wa mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri. Lakini Brahmagupta kule India, mwaka 628, alikuwa ameshazipokea namba hasi kwa kuziita madeni. Dukani tulikuwa na daftari la madeni lenye kurasa nyingi kuliko la mauzo, kwa hiyo hapo sikuhitaji tafsiri. Hata lile fumbo la hasi mara hasi kuwa chanya liliisha siku moja tulipomfutia mwalimu wa jirani madeni matatu ya elfu mbili mbili. Kuondoa ni hasi. Deni ni hasi. Yeye alitoka dukani akiwa na nafuu ya elfu sita. Hasi tatu mara hasi elfu mbili.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Kulikuwa na wiki nzima nisizosogea hata ukurasa. Kujifunza peke yako kuna upweke wake: ukikosea hakuna wa kukuambia, na ukipatia pia hakuna. Umeme ulikuwa unakatika alfajiri, ule wakati wangu hasa. Katika kipindi hicho nilisoma habari za Mary Somerville, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1780, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa baada ya kifo chake. Msichana wa nyumbani, alikutana na aljebra kwa mara ya kwanza kwenye gazeti la mitindo ya wanawake: chini ya fumbo la hesabu aliona x na y, akauliza ni nini. Vitabu ilibidi avipate kupitia mwalimu wa kaka yake. Wazazi wake walipogundua anasoma usiku waliamuru mishumaa yake iondolewe. Naye akawa analala gizani akizirudia kanuni za Euclid kichwani, moja baada ya nyingine. Baadaye aliandika vitabu vya sayansi vilivyosomwa Ulaya, na kuna chuo Oxford chenye jina lake. Sikujifananisha naye. Nilichukua mbinu tu: umeme ukikatika, nafumba macho na kuisema milinganyo kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. Mama alikuwa anadhani nasali.

Agosti bibi alifariki, Muheza. Nalitaja hapa kwa sababu ndipo aljebra ilipotoka mezani. Bibi alikuwa na shamba lake la michungwa, la kwake mwenyewe. Baada ya arobaini familia ilikubaliana kuliuza. Gharama na madeni yalipotolewa zikabaki milioni 14. Warithi: babu, wajomba wawili, mama na mama wadogo wawili. Ni familia ya Kiislamu, na mgawanyo unajulikana. Mume wa marehemu aliyeacha watoto anapata robo. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu mbili kwa moja. Siku ile halikuwa suala hilo.

Suala lilikuwa kwamba mjomba mkubwa, kabla sheikh hajafika, alishaanza kupanga kwa kukadiria. Wadada wapewe milioni moja moja, "ili tusisumbuane na visehemu." Alisema kwa upole, na sidhani alikuwa na nia mbaya; milioni ni namba inayopendeza. Mama wadogo walinyamaza. Mama alinyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kaunta buku, kwa sababu Novemba ilikuwa karibu na nilikwenda nayo kila mahali.

Nikaandika: tuseme fungu la mwanamke ni x. Wajomba wawili, kila mmoja 2x. Wadada watatu, kila mmoja x. Jumla 7x. Robo ya babu ni milioni tatu na nusu, zinabaki milioni kumi na nusu. 7x = 10,500,000. Kwa hiyo x = 1,500,000. Nikamsogezea mama daftari. Akalitazama muda mrefu, si namba, bali lile neno "tuseme" nililoliandika juu. Kisha akasema, "Kaka, mtoto anasema ni saba."

"Saba nini?"

"Mafungu saba, mjomba," nikasema. "Samahani. Ukigawa kwa saba inatoka milioni moja na nusu kwa kila dada, na tatu tatu kwenu."

Mjomba akasema tumsubiri sheikh. Sheikh akaja, akanywa kahawa, akauliza warithi ni wangapi, akafumba macho kidogo, akataja: babu tatu na nusu, wanaume tatu tatu, wanawake moja na nusu. Hakutumia karatasi. Mjomba akasema sawa, na ikawa sawa kweli. Hapakuwa na ugomvi. Laki tano kwa kila mmoja wa wanawake watatu zilikuwa zimekaribia kupotea kwenye namba inayopendeza. Mama mdogo wa mwisho alinunulia cherehani.

Usiku ule nilikumbuka nilichokuwa nimesoma juu ya kitabu cha Baghdad. Sehemu yake kubwa ya mwisho ni maswali ya mirathi na wasia. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika urithi, kesi na biashara. Darasani tulipewa x kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni bila wazazi. Kumbe alizaliwa kwenye vikao kama kile, katikati ya watu walionyamaza.

Lakini mtihani haukuwa kwa Kiswahili. Septemba na Oktoba nilifanya safari ya kurudi: nilifunika upande wa kulia wa daftari na kusoma wa kushoto peke yake. Nilipoona "let", kichwani kikasikika "tuseme". Kiingereza hakikuwa tena ukuta, kilikuwa kibao cha mlangoni kwenye nyumba ninayoifahamu ndani. Mitihani ya nyuma sikuhitaji kuitafuta. Nilikuwa nawatolea kopi wanafunzi kila siku, nikajitolea na mimi. Nilifanya ya miaka kumi. Ya kwanza nilimaliza maswali manne. Ya mwisho nilimaliza yote, na robo saa ikabaki.

Novemba nilikaa kwenye dawati dogo kuliko mapaja yangu, katikati ya watoto walioniamkia shikamoo. Matokeo yalipotoka nilipata C. Sasa niko mwaka wa kwanza chuoni. Tunafundishwa namna ya kutafuta mahali ambapo mauzo yanalingana na gharama, na mhadhiri alipochora ule mstari ubaoni niliandika pembeni: vitumbua tisini vya mama.

Ushindi huu una upande unaonikera. Niliweza kutafsiri kwa sababu nilikuwa mtu mzima, mwenye HKL, niliyezoea kukaa na neno gumu. Mtoto wa kidato cha kwanza hana silaha hizo. Anapokea "let" na kunyamaza, na ukimya wake unaandikwa F. Tunao watu walioibeba Julius Caesar ya Shakespeare ikakaa sawasawa kwa Kiswahili, na aliyefanya hivyo alikuwa Rais wa nchi. Sioni kwa nini mlinganyo uwe mgumu kubebeka kuliko tamthilia, hasa ukizingatia kwamba mali, mkabala na hesabu yenyewe ni maneno tuliyonayo tayari.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, ukisikia tena mtu kwenye chai anasema hesabu haziwezi, usidakie "hata mimi". Muulize alifundishwa kwa maneno gani. Na kama una F yako mahali, kwenye bahasha kabatini, inayokuzuia mlango fulani, huhitaji kuanza na kitabu kinene. Chukua kaunta buku, chora mstari katikati ya ukurasa, na upande wa kulia, juu kabisa, andika "tuseme".